Mkaja wa Nanzia

Hapo zamani, katika kijiji cha Irindo, juu kabisa kwenye milima ya Upare ambako ukungu huchelewa kuondoka na huwahi kurudi, palikuwa na binti aliyeitwa Nanzia. Nanzia alikuwa na mama watatu. Baba alikuwa na mmoja tu, naye alikuwa amezikwa mbali. Hii ni habari ya wale mama watatu na kitambaa kimoja, na kama wewe ni mtu wa kupenda kuamua mashauri ya wenzako, kaa vizuri.

Tuanze na kitambaa chenyewe. Mwanamke wa Irindo akijifungua hufungwa mkaja, yaani kitambaa kirefu kinachozungushwa tumboni na kukazwa ili tumbo lirudi mahali pake. Siku binti yake anapoposwa, upande wa mwanamume humletea mama huyo mkaja mpya. Ni kumwambia: tumbo lililomleta huyu tumeliona. Ng'ombe wa mahari ni wa ukoo. Mbuzi ni wa wajomba. Blanketi ni la bibi. Mkaja ni wa mama peke yake, wala haupokei kutoka kwa mshenga. Binti mwenyewe huubeba kwa mikono miwili, hupiga magoti mbele ya mama yake na kuuweka mapajani pake. Kabla haujawekwa, hakuna anayekula na hakuna ndoa. Na yule anayewekewa mkaja ndiye atakayekwenda kukaa na binti siku ya kujifungua, ndiye atakayemwogesha mtoto, na mtoto wa kike wa kwanza ataitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mkaja si kitambaa tu. Ni mlango wa nyumba ya binti, na mlango huo una ufunguo mmoja.

Sasa tuwaone hao mama.

Wa kwanza aliitwa Nakundwa. Huyu ndiye aliyemzaa. Alikuwa mkunga katika zahanati ya misheni, na mumewe, Elinihaki, alikuwa mwinjilisti. Jumapili moja alikuja mgeni kanisani. Akasema kwamba huko Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kuna kituo cha wagonjwa wa ukoma ambao ndugu zao wamewaacha. Hawana wa kuwafunga vidonda, hawana wa kuwaombea, na wanawake wao wanazaa peke yao. Akauliza, "Nani atakwenda?"

Watu wakaangalia miguu yao. Kanisa zima likawa linahesabu vidole vya miguu. Ndipo Nakundwa akasimama, na Nanzia yuko mgongoni, bado ananyonya. Elinihaki alipomwona mkewe amesimama, naye akasimama. Watu wakaimba, wakalia, wakawapa mikono.

Baada ya siku chache ikaja habari nyingine. Kituoni mtoto mchanga haruhusiwi kuishi, kwa sababu ya ugonjwa.

Mchungaji akamwendea Nakundwa nyumbani. "Mama, hata ukikaa chini sasa, hakuna atakayekulaumu."

Nakundwa akamjibu, "Mchungaji, mimi sikusimama mbele yako."

Basi akajipaka shubiri kwenye matiti ili mtoto aache kunyonya. Mtoto akaonja, akakunja uso, akalia. Akajipaka tena. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Halafu Nakundwa akamchukua, akampeleka kwa dada yake, akamweka kwenye ngozi karibu na meko. Hakumbusu wala hakumuaga. Alisema, "Dada, nikimshika tena sitaondoka. Ni miaka mitatu tu." Akashuka mlima na mumewe, sanduku moja kichwani, na watu waliomwona njiani walisema alikuwa akitembea kama mtu anayefukuzwa.

Huyo ndiye wa kwanza.

Wa pili alikuwa huyo dada, Naelijwa. Yeye hakuwa mkunga wala hakuwa mke wa mtu. Alikuwa mchumba wa mtu. Kijana mmoja fundi seremala alikwisha kutoa posa, na nyumba ilikwisha kusimama, imebaki kuezekwa. Yule fundi aliposikia kuna mtoto, akaja, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Naelijwa, mimi nilikuposa wewe. Sikuposa na kitoto."

"Kitoto kitakaa miaka mitatu tu hapa kwangu. Mama yake atarudi."

"Basi na mimi nitarudi miaka mitatu ikiisha," akasema fundi.

Hakurudi. Alioa kwingine mwaka uleule, akaezeka nyumba yake kwa bati, na lile bati Naelijwa aliliona liking'aa ng'ambo ya bonde kila jua lilipotoka. Watu walipomtania kuhusu yule fundi, alisema, "Yeye ana watoto saba wa kwake. Mimi nina mmoja wa kuazima. Lakini waulizeni nani analala usingizi."

Naelijwa ndiye aliyemtafunia Nanzia ndizi. Ndiye aliyemfundisha kukaa, kusimama, kupalilia tangawizi, kusali, na kutomjibu mkubwa. Nanzia alipougua surua, Naelijwa alikaa naye kwenye giza la chumba mpaka macho yake mwenyewe yakawa hayapendi jua. Nanzia alimwita "Mama", na yule wa ng'ambo watoto wa kijiji walimwita "Mama Kongo".

Huyo ndiye wa pili.

Lakini kabla ya hayo yote kuwezekana, palikuwa na jambo moja. Nakundwa alipoondoka, mtoto alikataa maziwa ya ng'ombe. Akakataa na uji. Akipewa kijiko anageuza kichwa, akilazimishwa, anatapika. Akaanza kukonda, utosi ukabonyea. Naelijwa akawa anamzungusha mgongoni kuzunguka nyumba, anaimba nyimbo zote anazozijua, mpaka nyimbo zikaisha.

Jirani yake, mke wa Mzee Shabani, alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Hatibu, mkubwa kidogo kuliko Nanzia. Alisikia kile kilio kimekuwa chembamba kama cha paka, akaruka mfereji, akaingia bila kubisha hodi. "Lete huyo," akasema. Akafungua kanga, akampa ziwa. Nanzia akashika kama kupe.

Mumewe alimgombeza jioni hiyo. "Mama Hatibu, watoto wa watu wa kanisa nao sasa tunawalea sisi?"

Akamjibu, "Ukisikia maziwa yana dini, niambie, nami nitayauliza."

Akanyonyesha wawili mpaka Nanzia akaanza kula. Lakini ziwa la mwanamke si mfereji. Hatibu aliachishwa mapema, akapewa uji wa muhogo, naye alipoanza kutembea, miguu yake ilipinda nje kama upinde. Mpaka leo Hatibu ana matege. Akipanda mlima, wenzake wanamsubiri.

Huyo ndiye wa tatu.

Miaka mitatu ikapita. Nakundwa hakurudi. Watu wa kanisa walioshuka na kupanda walileta habari: wagonjwa wameongezeka, hakuna mkunga mwingine. Halafu wakaleta habari kwamba Elinihaki amekufa kwa homa na amezikwa kulekule, chini ya kilima, na wagonjwa wenyewe ndio waliochimba kaburi kwa mikono yao iliyobaki. Watu wa Irindo wakasema, sasa atarudi. Hakurudi. Alisema, "Nikiondoka mimi naye ameondoka, watasema na sisi tumewakimbia."

Alirudi mara moja tu kuwasalimia, Nanzia akiwa ameanza kung'oka meno ya mbele. Watoto walikimbia wakipiga kelele, "Mama Kongo amekuja, Mama Kongo amekuja." Nanzia akaona mwanamke mwembamba, viatu vya turubai, ananuka dawa. Akajificha nyuma ya gauni la Naelijwa, akachungulia.

"Salimia," Naelijwa akamwambia.

"Shikamoo, mgeni," akasema Nanzia.

"Marahaba," akasema Nakundwa. Uso wake haukubadilika. Ila alifungua furushi lake akatoa gauni la maua alilolishona mwenyewe kwa mkono. Wakamvika. Halikupita mabegani. Alikuwa amelishona kwa kukisia, na alikuwa amekisia mtoto mdogo zaidi. Naelijwa alilifumua baadaye akatoa foronya mbili, maana kitambaa kizuri hakitupwi.

Siku chache kabla hajaondoka tena, walikuwa wanamenya maharage wao watatu, ndipo Nanzia akamuuliza, "Mgeni, kwa nini hukunichukua?"

"Mungu aliniita, mwanangu."

"Hakujua kama una mtoto?"

Naelijwa akaangua kicheko kisha akakimeza. Nakundwa aliendelea kumenya maharage. Swali lile alilibeba mpaka ng'ambo ya ziwa.

Nanzia akakua. Akawa msichana mrefu, mpole, mwenye mkono mwepesi wa kazi. Elifuraha, kijana wa ng'ambo ya bonde, akampenda, naye akampenda. Kwao Elifuraha wakamtuma mshenga, Mzee Kaniki.

Mzee Kaniki alikuwa mshenga hodari, mwenye mdomo mtamu kama dengelua, ile pombe ya miwa ambayo yeye mwenyewe hakuikataa. Kosa lake lilikuwa moja: alipenda kila mtu aliyeachana naye aondoke amefurahi.

Alikwenda kwanza kwa Naelijwa, maana mshenga hupeleka posa kwenye mlango ambao binti hutokea akienda kuchota maji. Walipomaliza kusemezana habari ya ng'ombe, akamwambia, "Mama wa binti, usiwe na wasiwasi. Mkaja wako nitauchagua mwenyewe."

Habari za uchumba zikavuka ziwa. Nakundwa akaomba ruhusa, akarudi, akafikia nyumba ya wageni pale misheni. Mzee Kaniki akaenda kumpa pole ya safari. Akamwona amevaa gauni lake jeupe la ukunga, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati. Akamhurumia. "Mama mzazi, Mungu amekurudisha kwa kusudi. Mkaja wako uko njiani."

Akiwa anarudi kwake, njaa ikamshika karibu na nyumba ya Mama Hatibu. Akakaribishwa bada, ule ugali wa muhogo, na samaki. Alipokuwa ananawa mikono, Mama Hatibu akamwambia, "Huyo binti mnayemtaka alinyonya hapa, kwenye kiti hichohicho ulichokalia."

"Ehe. Basi na wewe ni mama," akasema Mzee Kaniki, tumbo limejaa. "Na mkaja wako upo."

Kwake yeye hayo yalikuwa maneno ya adabu, kama mtu anavyomwambia mgeni "karibu tena" huku anafunga mlango. Lakini wanawake wale watatu walikuwa wamesubiri miaka mingi mtu awaambie neno lile.

Siku ikafika. Upande wa Elifuraha wakapanda mlima na ng'ombe wao, mbuzi wao, blanketi lao na mkaja wao, ambao ulikuwa mmoja, mweupe, mpya, umekunjwa vizuri kwenye ungo. Uani palitandikwa mkeka wa mama wa binti. Mama anayesubiri mkaja hukaa mkekani amenyoosha miguu, ili mapaja yake yawe tayari. Naelijwa akaja akaketi, akanyoosha miguu. Nakundwa akatokea misheni, akaketi, akanyoosha miguu. Mama Hatibu akaruka mfereji kama kawaida yake, akaketi, akanyoosha miguu.

Watu wakacheka. Kisha wakaona hakuna hata mmoja wa wale watatu anayecheka, wakanyamaza.

Nakiete, shangazi yake Elifuraha, mwanamke asiyeficha neno, akasema, "Jamani, sisi tumeleta mkaja mmoja. Kwetu mtu huzaliwa mara moja."

"Mzee Kaniki aliniahidi mimi," akasema Naelijwa.

"Na mimi aliniahidi," akasema Nakundwa.

"Mimi aliniahidi akiwa ameshiba," akasema Mama Hatibu, "na mtu aliyeshiba hasemi uongo."

Macho yote yakamgeukia Mzee Kaniki. Akajikuna shingo. "Basi nikimbie dukani nikalete mingine miwili. Vitambaa vipo."

Mzee Ndeuka, kaka mkubwa wa marehemu Elinihaki, ndiye aliyekuwa mkuu wa upande wa binti. Akatikisa kichwa. "Ukileta mitatu umesema binti wetu ametoka matumbo matatu, na mtu wa matumbo matatu hana kwao. Akijifungua atakwenda kuita nani? Mtoto wake ataitwa nani?"

"Upasuliwe basi, kila mmoja apate kipande," akasema mtu mmoja kutoka nyuma.

"Mkaja haupasuliwi," akasema Mzee Ndeuka. "Kitambaa kinachopasuliwa ni sanda. Semeni, wake zetu, kila mmoja aseme lake. Halafu binti ataamua, maana magoti ni yake."

Nanzia alikuwa amesimama mlangoni na ule ungo mikononi. Alikuwa amefikiria siku hii mara nyingi, na kila mara alijiona anapiga magoti, lakini hakuwahi kuutazama uso wa aliyekuwa mbele yake. Sasa nyuso zilikuwa tatu, na zote zilikuwa zinamtazama yeye.

Nakundwa akaanza.

"Mimi ndiye niliyemzaa. Uchungu wake nilikaa nao tangu jogoo la kwanza mpaka jua la utosi. Mkaja wa kwanza nilifungwa mimi, na alama yake iko mwilini mwangu. Mnasema nilimtupa. Mtu hutupa kitu asichokitaka. Mimi nilimtolea Mungu kitu nilichokitaka kuliko vyote, kwa sababu kile nisichokitaka ningeona aibu kumpelekea. Kule nimezalisha wanawake wasio na vidole vya kushika watoto wao. Niliwashikia mimi. Kila mtoto niliyempokea nilijiuliza, wangu leo kapokewa na nani. Nilimzika mume wangu kule. Sasa nimemwambia Mungu: nimekutumikia, niachie hili. Nikiwekewa mkaja huu, sirudi Kongo. Nitabaki, nimwogeshe mjukuu wangu."

Naelijwa akauliza polepole, "Na akikuita tena, mdogo wangu?"

Nakundwa akamtazama Nanzia. Mtu mmoja akakohoa.

"Sitasema uongo mbele ya mwanangu," akasema. "Sijui."

Naelijwa akashika neno.

"Mmesikia. Yeye aliitwa. Aliitwa, akaimbiwa, akashikwa mikono na kanisa zima. Mimi nani aliniita? Mimi niliachiwa. Niliwekewa mtoto kwenye ngozi kama mtu anavyoacha mtungi kwa jirani, na mtungi huu ulikuwa unalia. Nilikuwa na mchumba, ninyi mnamjua, bati lake mnaliona. Hakuna aliyeniuliza kama ninataka kutoa sadaka. Sadaka yake yeye ilitoka mfukoni mwangu. Na kama mkaja ni wa tumbo, mimi tumbo langu ni tupu kwa sababu mgongo wangu ulikuwa na mzigo wake. Leo mkiuweka kwake, kesho mtu akiniuliza, Naelijwa, una mtoto? Nimjibu nini?"

Nakundwa akamgeukia. "Dada, nina swali moja. Nani alimfundisha aniite mgeni?"

Hapo watu walisogea mbele.

"Ni mimi," akasema Naelijwa, bila kutazama chini. "Alikuwa ananiuliza kila siku, Mama Kongo atakuja lini? Kila siku. Nikaona, mama akichelewa mtoto analia. Mgeni akichelewa, mtoto anacheza. Nikamwambia kuna mgeni atakuja. Akaacha kulia."

Nakundwa alikunja miguu kidogo, kisha akainyoosha tena.

Mzee Ndeuka akamtazama wa tatu. "Mama Hatibu."

Mama Hatibu akajiweka sawa kanga yake. "Mimi, shemeji zangu, sikuja kugombana. Nilikuja kwa sababu Kaniki alikula samaki wangu. Lakini kwa kuwa nimeketi, nitasema. Hawa wawili wanagombania binti aliye hai. Asingenyonya kwangu mwezi ule, leo wangekuwa wanagombania nani apalilie kaburi dogo. Nakundwa alijipaka shubiri, nami simlaumu, alikuwa na safari. Naelijwa alimwimbia, lakini wimbo haushibishi. Mungu wa Nakundwa alimwita Nakundwa. Mimi nimeitwa na mtoto kwa kulia, nikaruka mfereji. Na kwetu sisi Waislamu, aliyekunyonyesha ni mama yako, hakuna mjadala. Hatibu wangu na huyu hawawezi kuoana hata dunia ikiisha, kwa sababu ni ndugu. Sasa niambieni: kama mimi si mama yake, mbona Hatibu hakuposa?"

Watu wakacheka, hata Nakiete akacheka. Hatibu mwenyewe alikuwa amekaa na vijana wenzake ukutani. Alitabasamu, akavuta miguu yake chini ya benchi.

Mama Hatibu aliliona lile. Sauti yake ikashuka. "Yeye naye alitoa. Hakuulizwa. Alikuwa mdogo mno wa kuulizwa."

Makande yalikuwa yanapoa kwenye vyungu, na hakuna aliyesogea kuyafunika.

Nanzia akashuka kizingiti, akaja mpaka mbele ya mkeka. Akasimama. Akawauliza, kwa sauti ya chini kama ilivyo heshima, "Mama zangu, nikimpa mmoja wenu, ataufanyia nini mkaja huu?"

Naelijwa akasema, "Nitauweka sandukuni, na siku nikifa mnizike nao, nisiingie kaburini kama mtu ambaye hakuzaa."

Mama Hatibu akasema, "Mimi nitakukatia nepi za mtoto wako. Kitambaa kikikaa sandukuni huliwa na mende."

Mwisho Nakundwa akasema, "Nitajifunga. Ule wa kwanza sikuufunga mpaka mwisho. Niliufungua mapema, nikaondoka."

Nanzia akawatazama.

Alimtazama Mama Hatibu, akakumbuka Idi zote alizokula nyumbani kwake, akimaliza pilau la Hatibu na Hatibu anamwachia. Alimtazama Naelijwa, akaona yale macho yasiyopenda jua, yamekunjamana kwa sababu ya jua la uani, na bado hayakupepesa. Alimtazama Nakundwa, akaona mikono. Ilikuwa mikono mikubwa, imechubuka kwa dawa, na ilikuwa imelala wazi mapajani, viganja juu, kama mikono ya mtu anayepokea mtoto.

Akawaza: nisipompa Naelijwa, atarudi kwenye nyumba isiyo na mtu na bila jina la mama, na huyu ndiye aliyekuwepo kila siku. Nisipompa Nakundwa, kile alichompa Mungu kwa muda atakuwa amekipoteza moja kwa moja, na wagonjwa wale waliotunzwa kwa sababu mimi niliachwa hawatajua bei yake. Na nikimpa, huenda siku ya uchungu wangu nikamwita, nikaambiwa yuko ng'ambo ya ziwa. Nisipompa Mama Hatibu, Hatibu atakuwa amepinda miguu kwa ajili ya mtu aliyemsahau siku ya furaha.

"Mwanangu," akasema Mzee Ndeuka, "wageni wana njaa."

"Nimesikia, Baba Mkubwa."

Akauweka ungo chini. Akautoa mkaja, akaukunjua kidogo, akaukunja tena. Wanawake watatu wakanyoosha miguu yao vizuri. Hakuna aliyenyoosha mkono, maana mkaja hauombwi kwa mkono. Nanzia akapiga magoti ukingoni mwa mkeka, na pale alipopiga magoti, mapaja ya wote watatu yalikuwa karibu sawa.

Wanaosimulia habari hii kule Irindo hufika hapa wakanyamaza, na wanaosikiliza huanza kugombana. Waliowahi kuachwa husema hivi, na waliowahi kuondoka husema vile, na waliolea watoto wa wenzao hawasemi, wanatazama tu. Hata wachungaji wamebishana.

Basi ninyi mliosikia maneno ya wote watatu, msimwachie binti peke yake. Mmoja aliitwa akaitika, mmoja hakuitwa akabaki, mmoja alisikia kilio akaruka mfereji. Mkaja ni mmoja na haupasuliwi. Je, ni nani aliyestahili kuwekewa mapajani?